Shemeji anataka chenso kubwa ya ubia, mimi nataka nyepesi niishike mwenyewe

BARUA

Kamwene mshauri,

Naandika kutoka Mufindi. Mimi ni mama wa miaka 43. Mume wangu ni dereva wa malori njia ya Tunduma, akirudi anakaa siku mbili tatu anaondoka tena, kwa hiyo shamba la miti nalisimamia mimi.

Shamba ni ekari nne. Ekari mbili na nusu ni mipaini ya miaka minane, ilipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 na haijawahi kupunguzwa. Imebanana, mingine imepinda, mingine imedumaa chini ya wenzake. Ekari moja na ushee ilikuwa ya mahindi, tukaiacha, ikavamiwa na miwati. Mingi ina unene wa kidole gumba hadi kifundo cha mkono, michache imefikia paja. Mpakani kuna milingoti (mikaratusi) sita aliyoipanda marehemu baba mkwe. Ukiikumbatia, mikono haikutani. Barabara ya moto upande wa jirani nayo imefungwa na miwati hiyohiyo, na mwezi wa saba majani yakishakauka, moto ukitoka kwake hakuna cha kuuzuia. Nataka mpaka Juni pawe peupe.

Kwenye mgao wa VICOBA nimepata laki nane na nusu. Nilikwenda Mafinga kuangalia chenso, yaani msumeno wa injini, nikashika mbili. Moja ni ndogo, ya kampuni inayojulikana, na baa yake, lile bapa la chuma linalobeba cheni, ni fupi. Nyingine sijui kampuni yake, ni kubwa zaidi, ubavuni imeandikwa 5800, na bei ni karibu nusu ya ile ndogo. Muuzaji anasema hiyo ya pili ina nguvu mara mbili.

Shida ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Amekata magogo ya watu wa dingdong, zile mashine za kupasulia mbao, miaka mingi. Anasema chenso ndogo ni mdoli. Amepata ya mtumba, lile dude la sauti nzito wanalopasulia mbao, anataka niweke laki nane na yeye aongeze laki nne, iwe mali ya familia. Mimi atanikatia bure, na kazi za nje tutagawana. Mume wangu kwenye simu anasema tuelewane wenyewe. Mama mkwe anasema mwanamke kushika chenso ni kutafuta kilema, na kwamba nikikataa nitakuwa nimemdharau shemeji, ambaye kweli ndiye aliyetusaidia kupanda mipaini ile bila kulipwa. Mwanangu wa miaka 19 naye anasema nimwachie yeye, ameshajifunza kwa video za kwenye simu.

Sitaki ugomvi. Wala sitaki hela yangu iishie kwenye mashine nisiyoweza kuinyanyua. Je, kuna chenso nyepesi inayoweza kazi hii yote? Na shemeji nimwambieje?

Niliyebanwa katikati, Mufindi

JIBU

Kamwene, dada. Pole kwa kubanwa, na hongera kwa kulisimamia shamba huku baba watoto yuko barabarani.

Nikikuelewa vizuri, umeniletea mambo matatu kwenye furushi moja. Kuna kazi inayotaka kufanyika kabla ya kiangazi. Kuna fedha zako, na shemeji ambaye mnadaiana fadhila ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu. Halafu kuna suala la nani aishike mashine. Swali lako la mwisho ndilo rahisi kulijibu: chenso moja nyepesi ya kumaliza kazi yote hiyo haipo. Ila sijui kama unaihitaji. Shamba lako lina kazi tatu zisizofanana, na umezipa jina moja.

Kabla ya kurudi Mafinga, ingia shambani na futi ya fundi cherehani na chaki. Pima mipaini kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Futi itakupa mzunguko. Gawanya kwa 3.14 upate unene. Kwa nafasi mliyopanda, ekari moja ilibeba miche kama 640, kwa hiyo ekari mbili na nusu zilianza na miti kama 1,600. Ukisema uondoe mmoja katika kila mitatu, ni zaidi ya miti 500 ya kuangusha, kupogolea na kukata vipande. Weka alama ya chaki kwenye inayotoka: iliyopinda, yenye vichwa viwili, iliyodumaa. Mingi ya hiyo, nadhani, itakuwa kati ya sentimita 10 na 18. Huo ndio mzigo halisi wa chenso yako, na ndio unaopaswa kuichagua mashine. Milingoti sita ni ya siku moja au mbili, kisha imekwisha maishani mwako.

Miwati naitaka tuizungumze kwa kirefu, maana hapo ndipo nina wasiwasi na mpango wako.

Chenso haipendi vichaka. Shina la unene wa kidole halitulii likatwe; linayumba, linavutwa na cheni, linakuchapa mkononi au usoni. Vijiti vyembamba huingia kati ya cheni na baa na kuing'oa cheni kwenye njia yake. Ukitaka kukata chini kabisa, ncha inagusa udongo, na mguso mmoja wa mchanga unatosha kuua makali ya meno yote. Baya zaidi, ndani ya kichaka huoni ncha ya baa iko wapi. Robo ya juu ya ncha ikigusa kisiki au shina jingine wakati cheni inazunguka, meno hayakati, yanang'ang'ania, na nguvu yote ya injini inairusha mashine juu na nyuma kuelekea uso wako. Inatokea haraka kuliko mtu anavyoweza kukwepa. Watu wengi hudhani ajali za chenso ni za miti mikubwa, kumbe vichaka vina sehemu yao nzuri tu.

Kwa hiyo chochote chembamba kuliko kifundo cha mkono ni cha panga na shoka dogo, au mashine ya kufyekea iliyofungwa kisahani cha meno. Vibarua wawili wazuri wa panga kwenye ekari moja ya miwati michanga wanaweza kukushangaza. Chenso iingie baada yao, pakiwa pamefunguka, kwa yale mashina ya mkono na paja. Ukate ukitumia sehemu ya baa iliyo karibu na mwili wa mashine, si ncha, na kisiki kibaki kama sentimita 10 ili cheni isionje udongo. Mti mwembamba ulioinamishwa na mwenzake una mkazo kama upinde. Usiukate kwa mkupuo. Parua kidogo kidogo upande wa ndani wa pindo mpaka ulegee wenyewe.

Na jua kwamba miwati haimalizwi kwa kukatwa mara moja. Ililetwa nyanda hizi kwa ajili ya magome yenye tanini, na mbegu zake hulala udongoni miaka mingi. Moto ndio unaoziamsha. Ukikata na kuchoma, mvua zikija utaona zulia la miche. Ing'oe kwa mkono ardhi ikiwa na unyevu, kabla haijafika goti. Ina maana kuanzia mwaka wa pili kazi ya ekari ile ni ya mikono na jembe. Kama ulikuwa unainunua chenso hasa kwa ajili ya miwati, hesabu hiyo iangalie upya. Kama ni kwa ajili ya mipaini 500 na ile itakayofuata, hapo tuna la kuzungumza.

Umesema unataka nyepesi. Wepesi una hesabu yake. Uzito unaoandikwa kwenye boksi ni wa mashine kavu, bila baa, bila cheni, bila mafuta. Chenso za daraja la chini, kama STIHL MS 180 yenye injini ya sentimita za ujazo 31.8, ni za kilo 4 hivi kavu. Weka baa, cheni, petroli na oili, unashika kilo 5 na ushee. Daraja linalofuata, mfano MS 250 ya sentimita za ujazo 45.4 au Husqvarna 445, kavu ni kilo 4.6 hadi 4.9, tayari kwa kazi inakaribia au kupita 6. Kilo moja dukani haisikiki. Saa ya tatu, mgongo ukiwa umeinama kupogolea matawi, inasikika sana.

Nguvu je? Ndogo hutoa kama kilowati 1.4, ya kati 2.3. Lakini hivyo ni vipimo vya karibu na usawa wa bahari. Injini isiyo na msaada wa kusukuma hewa hupoteza kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Mufindi ya juu ni kati ya mita 1,700 na 2,000. Kwa hiyo 1.4 huko kwenu inabaki kama 1.1, na 2.3 inakuwa 1.8. Mashine ndogo yenye baa ya sentimita 30 au 35 bado inakata mpaini wa sentimita 18 bila taabu. Kwenye 25 inafika kwa subira. Ukiiwekea baa ya 40 ili ionekane kubwa, umeinyima nguvu na umeiongezea uzito puani.

Mwinuko una jambo la pili ambalo wauzaji husahau. Hewa ikiwa nyembamba, kabureta iliyowekwa bondeni hutoa petroli nyingi kupita hewa iliyopo: moshi, plagi nyeusi yenye unyevu, injini inaguna badala ya kulia. Fundi atapunguza mafuta kwa skrubu ya kabureta yenye alama H, na itachangamka. Baadhi ya chenso ndogo hazina skrubu hiyo, na baadhi ya mpya hujirekebisha zenyewe; uliza. Sasa shika hili: chenso iliyopunguziwa mafuta Mufindi ikishushwa Kyela au bonde la Kilombero na kubanwa bila kurekebishwa, inakosa mafuta ya kutosha, na oili inayolainisha pistoni imo ndani ya mafuta hayohayo. Pistoni inakwaruzika na kukwama. Kama mashine itakuwa ya ubia na itasafiri kwenye kazi za nje, hii ni moja ya njia zitakazoiua.

Ile ya 5800 sitaki kuiponda bila kuiona. Ila namba ya ubavuni si kipimo cha kazi. Mwombe muuzaji karatasi yenye ujazo wa injini, kilowati na uzito mkavu. Akikosa, umeshajifunza kitu. Mashine za namna hiyo kwa kawaida huja na baa ndefu, ya inchi 18 hadi 20, na baa ndefu kwenye mipaini iliyobanana ndiyo ncha usiyoiona niliyoisema juu. Bei nusu inavutia, na zipo zinazofanya kazi. Hatari yake ni vipuri na breki. Kwa chenso yoyote, jaribu hivi dukani ikiwa inaunguruma: bana mafuta kiasi, sukuma kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto. Cheni isimame papo hapo. Ikiachiwa mafuta na kutulia, cheni isitambae hata kidogo.

Halafu soma namba zilizogongwa kwenye baa, pale karibu na injini: hatua ya cheni (nafasi kati ya viungo vyake), unene wa mfereji, na idadi ya viungo vya kuendeshea. MS 180 ya baa ya sentimita 35, kwa mfano, hatua yake ni 3/8 P, na viungo 50. Uliza maduka mawili ya vipuri kama cheni ya namba hizo ipo rafuni leo. Chenso isiyopatikana cheni yake mjini Mafinga ni pambo.

Tuje kwa shemeji.

Umemsikia akisema mdoli, ukasikia dharau. Inawezekana. Ila kwa kazi yake yuko sahihi: gogo la dingdong halikatwi kwa sentimita za ujazo 30. Na kwa milingoti yenu sita yuko sahihi zaidi. Mti wa unene ule, mpakani, wenye urefu wa mita zaidi ya 20, si wa chenso ndogo wala wa mtu anayeanza. Unaweza kumwambia hivyo waziwazi, na ukawa hujamdanganya.

Kuna jambo jingine ninalojiuliza nikisoma barua yako. Alipanda mipaini ile bila kulipwa. Je, kuna aliyewahi kumwambia kazi ile ilikuwa zawadi, au ina sehemu yake siku ya mavuno? Pengine anapotaka chenso iitwe ya familia, anatafuta mahali pa kusimama kwenye miti aliyoipanda. Sijui, na huenda nakosea. Lakini kama ni hilo, hakuna mashine itakayolimaliza, na ukilizungumza peke yake, huenda suala la chenso likapoa lenyewe. Hapo baba watoto hawezi kusema elewaneni wenyewe. Ni mdogo wake, na ni shamba lao.

Ubia wenyewe una maswali yasiyo na ubaya wowote ukiyauliza mapema. Mashine italala wapi? Cheni, baa na plagi vikiisha kwenye kazi ya nje, vinatoka fungu gani? Injini ikikwama mikononi mwa kibarua aliyemwazima, nani analipa? Siku unazoihitaji wewe, kabla ya kiangazi, ndizo siku kila mwenye miti anaitafuta, nani atangulie? Na neno bure lina petroli ndani yake, lina chakula, lina kusubiri zamu. Usichukulie maswali haya kama kumshuku. Watu wa kazi huyajibu bila kukasirika, yakaandikwa, mashahidi wawili wakasaini.

Kama utaelekea huko, mtumba ule uangaliwe kwanza. Vuta kamba polepole: unatakiwa kusikia mkono ukikataliwa na mgandamizo, mara kwa mara, kwa nguvu ileile. Fungueni ekzosi, mtazame pistoni kupitia tundu lake kwa tochi. Ikiwa laini na yenye kung'aa, vema. Michirizi ya wima ni dalili ya injini iliyowahi kukauka oili, na hapo bei ishuke au muondoke. Angalieni pia kama ina breki ya cheni. Nyingi za yale madude kongwe hazina, wala hazina springi za kupunguza mtetemo, na uzito wake unaweza kupita kilo 10 kabla ya baa. Hiyo huwezi kuishika, na sidhani kijana wako aishike.

Mama mkwe anaogopa kilema. Usimcheke, anaogopa kitu cha kweli. Kosa lake ni kudhani uanamke ndio hatari. Chenso haimjui mwanamke wala mwanamume. Inajua mkono uliochoka, mguu uliokaa vibaya, na mtu aliyetoka kunywa ulanzi. Video nazo zina manufaa, lakini hazikwambii kuwa dole gumba la kushoto halijazunguka mshikio. Kwa hiyo wewe na kijana, yeyote atakayeshika, mtafuteni mtu aliyefundishwa, awasimamie miti ya mwanzo. Mtu huyo anaweza kuwa shemeji, kama mwenyewe anavaa kinga na anaacha njia ya kukimbilia. Kama yeye hukata kwa ndala na sigara mdomoni, tafuta mwingine.

Kinga zihesabu pamoja na bei ya chenso, zisifuate baadaye. Kofia yenye wavu wa uso na vizuia kelele, maana kelele yake hupita desibeli 100. Buti ngumu, glovu, na suruali ya kinga. Suruali hii ina tabaka za nyuzi ndefu; cheni ikigusa, nyuzi zinavutwa, zinajisokota kwenye sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni), cheni inakwama kabla haijafika mfupani. Ukinunua chenso ya laki nane na nusu zote, umebaki na jeans. Mimi ningeanza hesabu kutoka huku, halafu nione mashine ipi inaingia kwenye kilichobaki, hata kama ni ndogo zaidi au hata kama jibu ni kusubiri mgao mwingine.

Mipaini iliyobanana ina tabia yake: miti ya mwanzo haitaanguka, itaning'inia kwa jirani zake. Anzeni kwa kufungua mstari mmoja, kisha muangushie humo. Kato la mbele liwe robo ya unene, upande unakotaka uangukie; la nyuma liwe juu yake kidogo, ukiacha ukanda usiokatwa wa sehemu moja ya kumi ya unene, ndio bawaba unayouongoza mti. Mti ukining'inia, uzungushe kwa mti wa kuwekea nguvu au vuta kitako kwa kamba kwenda nyuma. Usipite chini yake, na usikate ule ulioegemewa. Mtu mwingine akae mbali mara mbili ya urefu wa mti. Usifanye kazi peke yako.

Mafuta: kwa uwiano wa 50:1, mililita 20 za oili ya 2T kwa lita moja ya petroli, au 100 kwa lita tano. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa. Kifuniko cha chupa si kipimo. Mashine nyingine zimeandikiwa 25:1, hizo ni mililita 40. Fuata kitabu chake. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiutumie. Kwenye tenki la oili ya cheni usiweke oili chafu ya gari, ina unga wa chuma unaosaga pampu na baa. Kila ukijaza petroli, jaza na oili hiyo, na kila ukijaza, pitisha tupa ya milimita 4 mara mbili tatu kwa kila jino, kama cheni ni 3/8 P. Cheni ikitema vipande, ni kali. Ikitoa unga, umeshachelewa.

Njia zako, basi, naziona kama hizi. Unaweza kununua ndogo ya kampuni yenye vipuri pamoja na kinga, na milingoti ukamwachia shemeji kwa malipo ya siku. Hatari ni mikono isiyozoea na maneno ya nyumbani. Unaweza usinunue chochote mwaka huu, ukamlipa mkataji kwa mti au kwa siku, ukaona kazi inataka nini; hatari ni kwamba atakata inayomfaa yeye, ndiyo maana chaki yako itangulie. Unaweza kuingia ubia kwa maandishi, ukikubali kwamba zamu si yako peke yako. Na ipo ya kumkopesha shemeji kiasi kidogo unachoweza kukikosa, kila mtu awe na mashine yake. Ipi inakaa na roho yako, na ni nani utakutana naye mezani Krismasi ijayo, unayajua wewe.

Kabla ya kukata, pita kwa afisa misitu wa wilaya uulize taratibu za kumiliki na kutumia chenso na za kuvuna, kwa sababu hata miti ya kupanda ina nyaraka zake ukitaka kuisafirisha.

Barabara ya moto usiiunganishe na uamuzi huu. Ni miwati ya panga, na jirani naye ana maslahi. Mwombe achangie vibarua. Matawi yanayokatwa yatolewe kabisa kwenye njia, yasilundikwe humo yakakauka, na yasichomwe bila kibali cha kijiji. Hiyo inaweza kuanza Jumatatu, chenso ikiwa bado iko dukani.